Ethaili, butaili au PMA? Kuchagua esta za tina, sabuni na boti kwa unyevu wetu wa Unguja na Pemba

Mafundi rangi wanapenda kuuliza "tina ipi nzuri", yaani kile kimiminika cha kuyeyushia rangi na vanishi, na mie siku zote kabla sijajibu nauliza kazi yenyewe inapigwa wapi na mwezi gani, kwasababu tina ileile iliyotoka kama kioo Agosti kavu, Aprili masika yamekolea inakutolea kabati lina weupe weupe mzima mzima, halafu lawama zote anabebeshwa muuza vanishi wa watu.

Humu ntalinganisha zile esta ambazo mtu wa visiwani anakutana nazo kweli: za tina, za harufu na sabuni, za rezini ya boti, na kidogo za friji na plastiki. Kipimo changu ni kimoja tu na ntakitumia kote, nacho ni maji. Esta inapatikana ukiunganisha asidi na alkoholi, na wakati zinaungana maji yanatoka. Sasa ukizirudishia maji pamoja na kitu kikali, iwe kostiki, iwe asidi, iwe joto la muda mrefu, zinaachana tena, kila mmoja anarudi kwao. Na sie tumezungukwa na bahari, hewa ya huku karibu unaweza kuikamua, kwa hivo kabla hujauliza bei uliza maji yatakutana na kitu hichi wapi.

Tuanze na tina maana ndo kwenye vurugu

Laka ya NC (nitroselulosi), ile inayopigwa kwenye masanduku, vitanda na makabati, inayeyushwa na esta na ndugu zake ketoni kama asetoni. Toluini peke yake haiiyeyushi, imetiwa mule kuongeza ujazo na kushusha bei, na methanoli nayo ni msaidizi tu. Kwa hivo dumu la tina ni mchanganyiko, na suala si nani yumo, suala ni nani anatoka wa mwisho. Ethaili asetati inachemka nyuzi 77, toluini 110 na kitu, butaili asetati 126, na PMA (jina lake refu mno, dukani hili linatosha) kama 146. Ukinunua tina ambayo esta yake ni ethaili peke yake na toluini imejaa, ukipiga spreyi ethaili inaruka mwanzo, toluini inabaki na NC peke yake na haiiwezi, basi NC inaganda vipunje vipunje palepale, mbao inakuwa kama imemwagiwa unga. Ikiwepo butaili ya kutosha, toluini inatangulia kutoka na butaili ndo inafunga mlango, filamu inalala vizuri.

Huo ni weupe wa kwanza. Wa pili ni wa unyevu, na hapa ndo visiwani tunaumia kuliko mtu wa Dodoma. Kitu kinachoruka upesi kinachukua joto, mbao inapoa. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kutoka kwenye nyuzi 26 tu, yaani filamu ikipoa nyuzi nne maji ya hewani yanakaa juu ya laka yako. Siku kavu ya unyevu asilimia 60 kwa joto hilohilo mpaka ipoe kama nyuzi tisa ndo upate shida. Ethaili inaruka mara nne hivi kuliko butaili, kwa hivo inapoza sana, masika ni kujitafutia. Butaili ndo yenyewe iliyowekwa kuwa moja kwenye kipimo cha kuruka, na PMA iko kama theluthi ya hiyo.

Kuzitofautisha hizo weupe mbili si kazi: ule wa unyevu umetanda laini kama pumzi kwenye kioo, ukipita juu yake na butaili tupu, mkono mwepesi, mara nyingi unafutika wenyewe, lakini ule wa vipunje ukipitisha kidole unaukwaruza, huo usihangaike nao, msasa halafu upige upya.

Basi uchague nini? Kwa NC miezi mikavu, Juni mpaka Septemba hivi, mchanganyiko wenye ethaili na butaili unakwenda sawa na unakauka upesi, ukiwa na foleni ya kazi unaupenda. Masika na vuli mie nasema butaili iwe ndo esta kuu na utie PMA kidogo, sehemu moja katika kumi ya tina inatosha, usipitilize. Kuna watu wakishaona PMA inaondoa weupe wanaimwaga tu, halafu kabati linakaa bichi mpaka kesho yake, vumbi na mbu wote wamo ndani, mteja akiweka birika inaacha alama. PMA ni ya kuchelewesha, si ya kuyeyushia kila kitu.

Bei ndo kinyume na matakwa yetu: kwa kawaida ethaili rahisi, butaili juu yake, PMA juu zaidi. Lakini hesabu msasa, umeme wa kompresa na laka ya pili utakayopiga, utaona rahisi yenyewe iko wapi.

Rangi ya 2K, ile yenye hadna yake (dawa ya kukazia) pembeni inayopigwa kwenye magari na boti, ni hadithi nyengine kabisa na hapa sina mjadala na mtu. Hadna ile ni aisosayaneti, inashikana na maji na inashikana na alkoholi kabla haijashikana na rangi. Ukiitia tina ya NC yenye methanoli ndani, nusu ya hadna imeliwa na methanoli, rangi haikazi, na maji yakiwemo yanatoa gesi ya kaboni unapata vitundu vitundu. Kwa hiyo 2K ni butaili na PMA zilizoandikwa ni za PU (poliurethani, ndo rangi hiyohiyo ya 2K), maana hizo zimekaushwa maji, na kopo likifunguliwa lifungwe pale pale, si kuliacha wazi huku unasubiri chai. Na barakoa ya vumbi hapa haifai kitu, tafuta ile yenye katriji ya mvuke, ina mstari wa kahawia, na kwa 2K hata hiyo ni pungufu kama banda limefungwa.

Kuhusu moto, mtu atakwambia butaili salama kwasababu mvuke wake haushiki moto mpaka ifike nyuzi 22 au 23 wakati ethaili inashika hata ikiwa nyuzi nne chini ya sifuri. Kwenye karatasi kweli kuna tofauti. Lakini joto letu la mchana limeshaipita hiyo 22 zamani, kwa hivo huku zote mbili zichukulie ni petroli. PMA ina nafuu kidogo, iko arubaini na kitu. Mvuke wa zote mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unakwenda mpaka kwenye jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani na kurudi na moto. Na tafadhalini msizifiche ndani ya mabegi kwenye boti ya abiria, kuna meli za mizigo za kazi hiyo.

Jengine ni kujua unachouziwa. Dumu la kiwandani lina kile kibao cha almasi nyekundu na namba: 1173 ni ethaili asetati, 1123 ni butaili asetati, 1294 toluini, 1230 methanoli. Ukiona kwenye duka wanamimina kutoka dumu la 1294 na kukwambia ni "esta safi", cheka tu uondoke.

Na ile ya chupa za maji zisizo na alama yoyote? Kuna majaribio mawili ya kufanya nje, mbali na moto, kwa kiasi cha kijiko kijiko. La kwanza, chukua chupa ndogo nyembamba ya kioo, tia maji mpaka nusu, piga alama kwa kalamu, tia tina kiasi hichohicho, tikisa, weka itulie. Butaili na toluini zinapanda juu na mstari unabaki pale pale ulipoupiga. Methanoli na asetoni zinachanganyika na maji, mstari unapanda, na ukipanda sana ujue umeuziwa spiriti. Ethaili nayo maji yanaimeza kidogo, kama gramu 8 kwenye mililita 100, kwa hivo kupanda kidogo si kesi. La pili, paka rangi ya kucha kwenye kipande cha kioo, iache ikauke kabisa, halafu dondosha tone la ile iliyobaki juu. Rangi ya kucha mara nyingi ni NC vilevile. Ikilainika na kuteleza chini ya kidole, esta imo, ikikaa vilevile ngumu kama hujatia kitu, hiyo ni toluini tupu au ndugu zake. Hayatakupa asilimia, lakini ya kukataa au kukubali dumu yanakupa.

Za harufu, na kwa nini sabuni inakimbiwa na harufu

Hapa tuna utajiri wetu wenyewe na watu hawaujui kwa upande huu. Ile harufu ya langilangi na asumini, kikuba kizima, kwa sehemu kubwa ni benzaili asetati, na langilangi ina esta nyengine pia kama methaili benzoeti. Mafuta ya karafuu yenyewe yana asetati yake ya yujenoli, inaweza kufika asilimia 10 au zaidi, wakati mafuta ya makonyo (vijiti vya karafuu) yana kidogo sana, karibu yote ni yujenoli. Kwa hiyo mwenye kutafuta harufu ya duara ya manukato anachukua ya karafuu, na mwenye kutaka yujenoli ya kiwandani au dawa ya meno makonyo yanamtosha na ni rahisi zaidi. Zinaitwa karafuu zote lakini kazi si moja.

Benzaili asetati ya kiwandani ukiilinganisha na mafuta ya langilangi, ya kiwandani ni rahisi mara nyingi na inanukia asumini ya moja kwa moja, lakini nyembamba, haina ule uzito wa nyuma. Mchanganyaji mzuri anatia ya kiwandani kwa mwili na langilangi kidogo kwa roho. Isoamaili asetati ndo ndizi tupu, ile ya pipi na jusi za rangi, rahisi na kali, tone linatosha. Mwenye mizinga ya nyuki asiisogeze huko hata kwa masihara, maana ni hiyohiyo nyuki anaitoa anapouma kuwaita wenzake.

Sasa wale kinamama wa sabuni za mwani za Paje na Jambiani, na yeyote anaepika sabuni ya baridi nyumbani. Mafuta ya nazi yenyewe ni esta, na kutengeneza sabuni ni kuivunja kwa makusudi: kilo moja ya mafuta ya nazi inataka kama gramu 183 za kostiki soda ili yote ivunjike, ndo maana watu wanapunguza kidogo, wanatia 174 hivi, ili mafuta mengine yabaki ngozi isikauke. Shida ni kuwa kostiki haichagui. Ukitia isoamaili asetati au benzaili asetati kwenye sufuria ile siku ya kwanza, kostiki inazivunja kama inavovunja nazi, ndizi yako inageuka alkoholi ya harufu kavu ya kukera, asumini inafifia, na baada ya wiki nne za kukausha sabuni inanukia nazi na kitu usichokijua.

Mchaichai kinyume chake unadumu, kwasababu harufu yake kubwa ni sitrali na hiyo si esta. Makonyo na karafuu harufu inakaa, lakini yujenoli inaharakisha uji kuganda, ukizubaa umeganda ndani ya ndoo, kwa hivo unatia mwisho na kidogo na fomu ziko tayari. Langilangi iko katikati, inapungua lakini haiishi.

Kwa hiyo ukitaka sabuni ya baridi, mchaichai au makonyo. Ukishikilia asumini na ndizi, basi pika sabuni ya moto mpaka kostiki iishe kazi yake, halafu tia harufu imeshapoa kidogo. Na kama unatengeneza mafuta ya kujipaka, ambayo hayana kostiki wala maji, tumia esta unayotaka, hapo zinakaa. Kwa mafuta ya kujipaka kuna pia isopropaili mairisteti, nyepesi, haigandi kama nazi inavoganda asubuhi za kipupwe, inapunguza ule unato. Wenye ngozi za chunusi wajaribu kwanza mahala padogo, kuna wanaofungwa vitundu. Benzaili benzoeti ni ndugu mwengine humo, inashikilia harufu isikimbie, na ndo hiyohiyo dawa ya upele ya asilimia 25, usishangae ukiona jina moja kwenye manukato na kwenye chupa ya dawa.

Ile ya mafuta ya kuchulia, methaili salisileti, naitaja kwa jambo moja tu: kijiko cha chai cha ile safi kinaweza kumuua mtoto. Juu kabisa ya kabati, na si kwenye chupa ya soda.

Boti za faiba

Rezini ya poliesta, jina linasema lenyewe, ni mnyororo wa esta mwanzo mpaka mwisho. Vinaili esta ina esta kwenye ncha za mnyororo tu. Epoksi haina. Tofauti hiyo ndo tofauti ya malengelenge. Maji ya bahari yanapita polepole kwenye jelkoti (ganda la nje la boti), yanaingia kwenye poliesta, yanavunja esta moja moja, zile asidi na glikoli zinazotoka zinavuta maji mengine, shinikizo linajaa mpaka jelkoti inavimba. Ukipasua lengelenge lile maji yake yanakuruka, yananata na yananuka siki, vaa miwani kabla hujachoma msumari.

Rezini za poliesta nazo mbili. Ile ya kawaida ya otho ndo rahisi na ndo iliyojaa madukani, ya aiso inastahamili maji zaidi na bei inapanda kidogo, vinaili esta inapanda sana, epoksi juu kabisa. Mtu akinambia boti yake inavuliwa usiku na asubuhi inavutwa juu ya mchanga, kama wengi wanavofanya, mie nampa aiso basi, boti ile inapata kukauka. Boti inayolala majini mwezi baada ya mwezi, ya utalii au ya kubeba abiria, hapo usibane: mati (matandiko ya nyuzi za faiba) mbili za mwanzo nyuma ya jelkoti ziwe za vinaili esta, zilizobaki ndani ziwe aiso. Kufanya boti nzima kwa vinaili esta sioni haja, pesa itakuuma bure.

Kukarabati mtumbwi wa mwembe kwa kuufunika faiba, poliesta usiitumie kabisa, haishiki mbao vizuri na mbao yenyewe ina unyevu, baada ya msimu ganda linachanuka na maji yanakaa katikati ya ganda na mbao, mbao inaoza humo humo na wewe huioni. Hapo epoksi tu, na mbao ikaushwe kweli. Kumbuka pia epoksi inashika juu ya poliesta ya zamani iliyopigwa msasa, lakini poliesta juu ya epoksi inababuka, kwa hivo ukishaanza na epoksi umeshafunga ndoa.

Rezini hizi hazipendi joto letu. Poliesta kwenye nyuzi 25 inakaa kama miezi sita, vinaili esta mara nyingi pungufu ya hapo, na stoo ya mabati inafupisha zaidi, kwa hivo tizama tarehe kabla hujalipa. Hadna ya MEKP asilimia moja mpaka mbili, mchana wa joto nenda karibu na moja lakini usishuke chini yake, maana rezini isiyokaza vizuri ndo inayokaribisha maji. Na MEKP na kobalti (dawa ya kuharakisha kukaza) zisigusane zenyewe kwa zenyewe hata tone, zinaweza kulipuka. Rezini nyingi zinakuja kobalti imeshatiwa, wewe unaongeza MEKP peke yake, muulize muuzaji.

Plastiki na friji, haraka haraka

Mipira laini ya PVC inalainishwa na esta, ya zamani ni DOP na mbadala wake skuizi ni DOTP. Ulaya DOP kwenye vitu vya kuchezea watoto haitakiwi kupita asilimia 0.1. Kwa mpira wa kumwagilia bustani sijali, kwa mpira wa maji ya kunywa au kitu mtoto atakachotia mdomoni chukua kilichoandikwa hakina fthaleti (ukoo wa DOP). Mpira unaonuka sana na kuacha mafuta mkononi uache dukani.

Mafundi friji, nyie mnalijua hili lakini wasaidizi wenu hawalijui. Gesi ya R134a haichanganyiki na oili ya madini iliyokuwa inatumika kwenye mashine za zamani za gesi ya R22, inataka oili ya POE, ambayo ni esta. POE inavuta unyevu wa hewani upesi ajabu, na ikishauvuta vakumu haiutoi kirahisi kama kwenye oili ya madini, ndani ya kompresa ya moto inavunjika na kurudi asidi, asidi inakula waya, na friza ya samaki pale Malindi imekwisha. Nunua mikebe midogo ya bati, si galoni kubwa ya plastiki, fungua wakati kila kitu kingine kiko tayari. Mkebe uliolala wazi usiku kucha huo tena wa kulainishia bawaba za geti, na hata hapo uangalie isimwagike kwenye rangi ya geti maana POE inailainisha.